Farasi Aliyerudi kwa Mfunzi wa Zamani: Maelezo juu ya Mbio za Madai na Dau Nchini Marekani

0. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo ni ya mabaharia, lakini yafaa pia kuelezea jambo linalotukia mara kwa mara katika viwanja vya mbio za farasi nchini Marekani. Farasi anauzwa siku ya mbio, anakaa kwa mfunzi mgeni kwa wiki au miezi kadhaa, kisha mfunzi aliyempoteza anatoa fedha na kumrudisha zizini mwake. Farasi huyo anapoingizwa mbioni kwa mara ya kwanza baada ya kurudi, waweka dau wengi huona kwamba wamepewa ishara. Hoja yao ni fupi: mtu huyu anamjua mnyama huyu kuliko wengine wote, amekubali kulipa ili ampate tena, basi bila shaka ameona kitu.

Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo. Yataeleza kwanza jinsi mbio za aina hiyo zinavyoendeshwa, kisha yatachunguza maneno ya Kiswahili yanayoweza kubeba dhana zake, halafu yataorodhesha sababu zinazoweza kumrudisha farasi kwa mfunzi wake, na kuonyesha kwa hesabu kwa nini ujuzi wa mfunzi si faida ya mweka dau. Mwishoni yatagusa upande usiozungumzwa sana na wanaokwenda dirishani na fedha mkononi, yaani mwili wa farasi mwenyewe.

1. Mbio za madai na kanuni zake

Mbio nyingi za farasi nchini Marekani si zile mashuhuri zinazotangazwa duniani kote. Sehemu kubwa ni mbio ambamo kila farasi anayeshiriki yuko sokoni kwa bei iliyotajwa kabla. Bei hiyo yaweza kuwa dola 5,000 katika kiwanja kidogo, au kupita dola 50,000 katika kiwanja kikubwa. Mtu mwenye leseni na fedha za kutosha katika hesabu yake kiwanjani ana haki ya kumtwaa farasi yeyote kwa bei hiyo, wala mwenye farasi hana ruhusa ya kukataa.

Kanuni hiyo ina hekima yake. Mwenye farasi hodari angependa kumshindanisha na wanyonge ili ajipatie zawadi kwa urahisi. Lakini akimwingiza farasi wa dola 40,000 katika mbio za dola 10,000, mwenzake atamnyang'anya kwa robo ya thamani yake. Kwa hiyo hofu ya kupoteza ndiyo inayowapanga farasi katika ngazi zao. Pasipo mzani wala mwamuzi, soko lenyewe huwatenganisha wenye nguvu na wadhaifu.

Utaratibu wa kudai ni wa siri. Mdai huandika hati na kuiweka katika sanduku kabla ya mbio, kwa kawaida takriban dakika 15 kabla ya kuanza. Watazamaji hawajui nani amedaiwa hadi mbio zimekwisha. Ikiwa wadai ni wawili au zaidi, kura hupigwa. Kwa mapokeo, lango la kuanzia linapofunguliwa farasi huwa mali ya mdai, lakini zawadi ya mbio hizo hubaki kwa mwenye farasi wa awali. Kwa hiyo yawezekana mtu akashangilia ushindi wa farasi ambaye, wakati akishangiliwa, si wake tena.

Wafaransa nao wana mbio za namna hiyo, lakini kwa mpango tofauti: kwao wanunuzi hutoa ahadi zao katika bahasha iliyofungwa baada ya mbio, na mwenye ahadi kubwa ndiye anayempata farasi. Kwa Wamarekani bei haibishaniwi, na mdai hujitwika hatari kabla ya kuona farasi akikimbia. Tofauti hii ni muhimu: mdai wa Marekani hununua kwa ujuzi wa jana, si kwa ushahidi wa leo.

Kanuni nyingine inahusu muda baada ya kudaiwa. Katika majimbo mengi farasi aliyedaiwa hawezi, kwa siku 30 hivi, kuuzwa nje ya mbio za madai, wala kubaki chini ya uangalizi wa mtu aliyempoteza. Lengo ni kuzuia mauzo ya bandia. Hata hivyo kanuni yenyewe huacha mlango mmoja wazi: isipokuwa farasi huyo amedaiwa tena. Mfunzi wa zamani anaweza basi kumrudisha, mradi apite mlango ule ule uliompotezea, yaani alipe bei iliyotajwa na akubali kura ikipigwa.

2. Kudai, kununua tena, kukomboa

Kiswahili hakina istilahi zilizozoeleka kwa mambo haya, na uteuzi wa neno si jambo dogo, kwa kuwa neno laweza kumwelekeza msikilizaji kabla hajafikiri.

Kitenzi *kudai* kina mizizi katika deni. Anayedai husema kwamba chake kiko mikononi mwa mwingine. Katika mbio hizi hakuna aliyekopa wala aliyekopesha, bali kuna haki iliyotolewa na kanuni, na mwenye nayo huitumia bila ridhaa ya upande wa pili. Sehemu hiyo ya maana, yaani kutwaa kwa haki, ndiyo inayoruhusu kusema *mbio za madai*, *mdai* na *hati ya madai*.

Kwa tendo la kumrudisha farasi, kitenzi kinachokuja upesi mdomoni ni *kukomboa*. Mtu aliyeweka baiskeli yake rehani kwa jirani, akapata fedha na kuichukua, ameikomboa. Umbo la tukio linafanana: kitu kilikuwa changu, kikaenda kwa mwingine kwa fedha, nami nimelipa ili kirudi. Lakini *kukomboa* hubeba zaidi ya malipo. Neno hilo hufuatana na mateka, na watumwa, na nchi iliyotawaliwa. Kinachokombolewa kina thamani, na anayekomboa ana upendo au haki. Ndiyo maana anayesema kwamba mfunzi «amemkomboa» farasi wake amekwisha kutoa hukumu: farasi ni mzuri, na alikaa pabaya.

*Kununua tena* hakuna sifa hizo. Hueleza kwamba fedha zimetoka na mali imeingia, basi. Mweka dau anayetaka kufikiri kwa utulivu angefanya vema kushika neno hili la pili, kwani sehemu kubwa ya kosa lake huanzia katika la kwanza.

3. Kwa nini mfunzi humrudisha farasi

Sababu ya kwanza ndiyo ile inayotumainiwa na waweka dau: ujuzi. Asiyekujua hakuthamini, na mfunzi aliyekaa na farasi mwaka mzima anajua mengi yasiyoandikwa. Anajua kwamba mnyama huyo hali chakula akihamishwa zizi. Kwamba hukimbia vizuri akipumzishwa wiki tatu badala ya mbili. Kwamba hapendi matope usoni. Kwamba mguu wake wa mbele huvimba kidogo kila asubuhi bila madhara yoyote. Mfunzi mgeni akiona uvimbe huo huogopa, humpunguzia farasi mazoezi, kisha humshusha bei ili amwondoe. Mfunzi wa zamani akiona bei imeshuka, hujua kwamba kilichobadilika ni hofu ya mwenye farasi, si mguu wa farasi. Katika hali hiyo ununuzi ni wa busara, na pengine dau pia.

Sababu ya pili haihusu uwezo wa farasi hata kidogo. Mwenye farasi, ambaye ndiye anayelipa, aweza kuwa amemzoea mnyama wake na kumtaka arudi. Au zizi lina nafasi tupu, na mfunzi anayelipwa kwa idadi ya farasi anaowatunza anahitaji kulijaza. Au mfunzi hataki kuonekana ameshindwa na jirani yake. Mambo haya yote ni ya kibinadamu, na kila moja laweza kuzaa hati ile ile ya madai. Karatasi haisemi ni sababu ipi iliyoiandika.

Sababu ya tatu ni bei yenyewe. Farasi aliyeondoka kwa dola 25,000 na kupatikana tena kwa dola 12,500 amemwachia mfunzi wake wa kwanza tofauti ya dola 12,500. Kumnunua kwa nusu ya bei aliyouzwa kwaweza kuonekana faida. Lakini ikiwa amepungua nguvu kwa nusu pia, hakuna aliyepata faida. Bei imefuata ukweli tu.

Tena, ujuzi wa mfunzi wa zamani si wa kuaminiwa bila mipaka, maana ni yeye huyo aliyekubali farasi auzwe. Historia ina mifano. Mwaka 1943 mfunzi Hirsch Jacobs alimdai farasi Stymie kwa dola 1,500 tu kutoka King Ranch, zizi lililokuwa chini ya Max Hirsch, mmoja wa wafunzi walioheshimiwa kabisa katika kizazi chake. Stymie alikimbia mara 131, akashinda mara 35, na alipostaafu mwaka 1949 alikuwa ameingiza dola 918,485. Mwaka 2004 Lava Man alidaiwa kwa dola 50,000 huko Del Mar, California. Baadaye akashinda Hollywood Gold Cup miaka mitatu mfululizo, 2005, 2006 na 2007. Na Rich Strike, aliyedaiwa kwa dola 30,000 katika kiwanja cha Churchill Downs Septemba 2021, akiwa mali ya Calumet Farm, alirudi kiwanjani hapo Mei 2022 na kushinda Kentucky Derby, ilhali umma ulikuwa umempa nafasi ya moja dhidi ya 80. Katika visa hivi vyote, waliomjua farasi kwa muda mrefu zaidi ndio waliomwacha aende. Kumjua mnyama ni jambo moja. Kujua atakavyokuwa kesho ni jingine.

4. Hesabu ya dau

Hata ikikubaliwa kwamba mfunzi amenunua kwa ujuzi, swali la mweka dau halijajibiwa. Swali lake si «Je, farasi huyu ana nafasi nzuri?» bali «Je, nafasi yake ni kubwa kuliko ile ambayo umma umekwisha kuilipia?»

Dau nchini Marekani huwekwa hasa katika mfuko wa pamoja. Mpango huo ulibuniwa mjini Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, na wasomaji wa Kifaransa wanaufahamu kwa jina lake la huko. Fedha za wote hukusanywa. Kiwanja na serikali huondoa sehemu yao. Inayobaki hugawanywa kwa walioweka dau juu ya mshindi. Mweka dau hashindani na kiwanja. Anashindana na waweka dau wenzake.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mfuko una dola 10,000 na makato ni asilimia 17. Zinabaki dola 8,300. Ikiwa dola 2,500 zimewekwa juu ya farasi aliyerudi, akishinda kila dola italipwa dola 3.32, ambazo viwanja vingi kwa desturi huzishusha hadi 3.30. Sasa ichukuliwe kwamba farasi huyo kweli ana nafasi 30 katika 100, nafasi nzuri sana katika mbio zenye washindani wanane au tisa. Kwa kila dola 100 zilizowekwa, dola moja moja katika mbio 100 za namna hiyo, zitarudi mara 30 dola 3.30, yaani dola 99. Mweka dau amechagua vema, ameshinda mara 30, na bado amepoteza dola moja.

Endapo umma umemsahau farasi huyo na kuweka juu yake dola 2,000 tu, malipo yatakuwa dola 4.15, yaani 4.10 baada ya kushushwa. Mara 30 za dola 4.10 ni dola 123. Farasi ni yule yule, mfunzi ni yule yule, nafasi ni ile ile. Kilichobadilika ni maoni ya watu wengine tu. Ishara inayojulikana na wote imekwisha kuliwa na wote. Na ishara hii si ya siri: magazeti ya mbio, kama Daily Racing Form lililoanzishwa Chicago mwaka 1894, huchapa kwa kila farasi tarehe aliyodaiwa, bei, na jina la mfunzi. Aonaye kwamba farasi amerudi kwa mwenyewe asidhani ameona peke yake.

Pana mtego mwingine, wa uchache wa mifano. Mweka dau huhesabu na kusema: mfunzi fulani ameingiza farasi kumi aliowanunua tena, na watatu wameshinda mara ya kwanza, basi nafasi yao ni asilimia 30. Hesabu ya bahati yasema vingine. Hata kama nafasi halisi ya kila mmoja ni asilimia 15 tu, ushindi mara tatu au zaidi katika kumi utatokea karibu mara 18 katika kila 100. Kati ya mamia ya wafunzi, wengi watakuwa na kumbukumbu ya kupendeza bila ya ujuzi wowote wa pekee. Na kwa kuwa kununua tena ni tukio la nadra kwa kila mfunzi, miaka itapita kabla mifano haijatosha kumtenga fundi na mwenye bahati.

Hata hivyo si kweli kwamba tukio hili halisemi lolote. Husema mengi zaidi likisomwa pamoja na hatua inayofuata. Mfunzi aliyelipa dola 20,000 kisha akamwingiza farasi katika mbio za dola 25,000 anaonyesha kwamba hataki kumpoteza upesi, na kwamba anatumaini kushinda juu zaidi. Aliyelipa dola 20,000 kisha, baada ya mapumziko marefu, akamtoa kwa dola 10,000, anawaambia wenzake: mchukueni. Mkono wa kwanza ulinunua. Mkono wa pili unauza. Mweka dau anayetazama mkono wa kwanza tu amesoma nusu ya barua.

5. Mwili wa farasi

Yote yaliyotangulia yalizungumza kana kwamba farasi ni karatasi inayopita mikononi. Lakini anayedaiwa ana mifupa na kano. Katika mbio za madai kila mwenye farasi ana sababu ya kunyamaza kuhusu ugonjwa, na mdai ananunua mbuzi ndani ya gunia. Farasi anayebadilisha zizi mara nne katika mwaka hukutana na waganga wanne, na kila mmoja huanza bila kujua wa kwanza alitibu nini.

Hatari hiyo ilionekana waziwazi New York. Kasino ilifunguliwa katika kiwanja cha Aqueduct Oktoba 2011, na sehemu ya mapato yake ikaongezwa katika zawadi za mbio. Zawadi zikapanda, bei za farasi wa ngazi ya chini hazikupanda. Ikawa thamani ya kukimbia mara moja ni kubwa kuliko thamani ya mnyama anayekimbia. Mwenye farasi mgonjwa aliweza kumwingiza akijua kwamba zawadi itafidia hata akimpoteza. Kati ya mwisho wa Novemba 2011 na Machi 2012 farasi 21 walikufa kiwanjani hapo. Jopo la uchunguzi lililoundwa liliona uhusiano kati ya zawadi hizo na hatari waliyoingizwa wanyama, na mwaka 2012 jimbo likaweka kanuni kwamba bei ya farasi katika mbio za madai isipungue nusu ya zawadi.

Badiliko jingine ni kubatilisha dai. Zamani mdai aliyemwona farasi wake mpya akianguka alikuwa amenunua mzoga, na aliyeuza alikwenda zake na fedha. Sheria ya taifa juu ya uadilifu na usalama wa mbio za farasi ilitiwa saini Desemba 2020, na sehemu yake ya usalama ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Katika kanuni zake, farasi akifa mbioni, au daktari wa mifugo akimkuta anachechemea baada ya mbio kabla hajakabidhiwa kwa mdai, dai hufutwa na mnyama hubaki kwa aliyemwingiza. Kwa hiyo anayemleta farasi mgonjwa ili amtupie mwingine hujua kwamba mzigo waweza kurudi mgongoni mwake.

Hapo ndipo kurudi kwa mfunzi wa zamani kunapopata maana isiyoandikwa katika hesabu ya dau. Mara nyingine mfunzi humrudisha farasi mzee aliyeporomoka ngazi baada ya ngazi si kwa sababu atashinda, bali kwa sababu anajua kinachomngoja akizidi kushuka. Humnunua, humpa malisho, wala hamwingizi tena mbioni. Farasi wa namna hiyo haonekani katika takwimu ya mweka dau yeyote, kwa kuwa hakuna mbio za kupimia. Wale wanaoonekana ni wale tu ambao bado wanatakiwa kukimbia.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba farasi kurudi kwa mfunzi wake wa zamani ni tukio lenye sababu nyingi, na kwamba hati ya madai haitaji sababu yake. Imeonekana pia kwamba hata ujuzi wa kweli wa mfunzi haumnufaishi mweka dau ikiwa umma umekwisha kuulipia, na kwamba bei ya mbio zinazofuata husema zaidi kuliko ununuzi wenyewe.

Kwa upande wa lugha, pendekezo ni kutumia *mbio za madai* kwa mashindano, *kudai* kwa tendo la kwanza, na *kununua tena* kwa tendo la mfunzi anayemrudisha farasi ili amkimbize. *Kukomboa* libaki neno la akiba. Latumika kwa haki pale farasi anapotolewa kiwanjani asirudi tena mbioni. Na siku hiyo, dirisha la dau halina kazi.